Nukta Iliyobaki Nyuma

Norah alikuwa amepiga magoti nyuma ya pazia la dirisha, gauni lake la gomesi limemzunguka sakafuni kama maua ya boga, aliposikia sauti ambayo siku ile haikupaswa kusikika hata kwa kikohozi.

"Si kweli, mzee. Tafadhali mwambie aache kusoma. Hiyo habari si kweli."

Ilikuwa sauti ya Conrad.

Siku ya utambulisho, wazee wa kijana wanapokuja kumwomba binti, bwana harusi hasemi. Hilo pale Bugembe hata mtoto wa kunyonya analijua. Anakuja na kanzu na koti, anaketi katikati ya wenzake waliovaa kanzu na koti vilevile, anafunga mdomo kama mtungi uliozibwa kwa jani la mgomba. Msemaji wake ndiye anaomba, ndiye anatania, ndiye anatukanwa. Kazi ya bwana harusi ni kungoja shangazi wa binti apite mstarini, amtambue kati ya wale wengi, amvike ua kifuani. Basi. Akifungua mdomo kabla ya hapo, wazee wanaweza kukunja mikeka.

Shangazi Wilkista, dada yake baba, alikuwa mlangoni na ua mkononi, anangoja zamu yake. Yeye ndiye aliyemlea Norah tangu mama yake alipozikwa. Aligeuka taratibu.

"Nani huyo amesema?"

"Ni yeye, Shangazi."

"Yeye nani?"

"Conrad."

"Yesu wangu! Amekunywa nini?"

Norah aligeukia pazia. Kupitia tundu la pazia alimwona amesimama peke yake chini ya turubai la wageni, mrefu, mwembamba kuliko alivyokuwa alipoondoka kwenda masomoni, mikono ameiacha ikining'inia kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa. Miaka mitatu alikuwa akiuota uso ule, na sasa ulikuwa na rangi ya majivu.

Na asubuhi yote mambo yalikuwa yamekwenda vizuri! Wageni walifika kutoka Nakaloke saa nne, na vikapu vya malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, na kuku, na kondoo wawili. Kwa kuwa upande wa baba yake Norah walikuwa Wajapadhola wa Tororo na upande wa Conrad walikuwa Wagisu, na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, shughuli ilifanywa kwa Kiswahili cha kambini, kile cha askari magereza. Hapo ndipo mama yake Conrad, mjane Nambozo, alipoonyesha akili yake. Alimtoa sokoni Bwana Rajab, mwuza nguo wa Nakaloke, Mwislamu mwenye Kiswahili kinachoteleza kama samli, awe msemaji.

"Sisi hatukuleta kijana wa kuokotwa njiani," Rajab alikuwa amesema kwenye kipaza sauti, akizunguka na kanzu yake. "Wenzake waliokota mawe ya kurushia ndege. Huyu ameokota sayari!"

Watu walicheka. Mzee Odero, rafiki wa baba wa tangu magereza, aliyesema kwa niaba ya nyumba, hakukubali kushindwa.

"Hiyo sayari yenu, bwana, ina majani? Maana sisi hapa tunataka kitu kinaweza kulisha ng'ombe."

"Bado changa, Mzee Odero! Ingoje ikue!"

"Ngoja ngoja, binti azeeke?"

Hapo ndipo Afande Otim, baba yake Norah, alipoona wakati wake umefika. Alikuwa mkuu wa gereza kabla ya kustaafu, na hata siku hiyo, na koti lake jipya, aliketi kama mtu anayekagua gwaride. Alitoa mfukoni kipande cha gazeti alichokihifadhi ndani ya nailoni, akampa Odero.

"Soma," alisema. "Soma kwa sauti, mchungaji asikie, majirani wasikie. Wale walisema binti yangu anapewa mtu wa vumbi, nao wasikie."

Odero alivaa miwani. "Kijana wa Mbale agundua sayari mpya," alisoma. "Akiwa masomoni ng'ambo, Bwana Conrad Wambede ameona..."

Ni hapo Conrad aliposimama.

Sasa ukimya ulikuwa umetanda uwanjani hata kuku waliofungwa miguu walisikika wakipumua. Rajab alimrukia kijana wake, akamvuta kanzu, akamnong'oneza kwa hasira. Lakini alikuwa amesahau kuzima kipaza sauti.

"Kaa chini, mwana wa Nambozo! Si tulikubaliana umeze mate mpaka ndoa ipite? Unataka kutuua?"

Maneno hayo yalitoka kwenye spika mbili zilizofungwa juu ya mti, yakavuka barabara kuu, na watu waliokuwa wananunua viazi ng'ambo ya pili waligeuza vichwa.

Afande Otim aliinuka. Hakupaza sauti. Waliomjua walijua kwamba akiacha kupaza sauti ndipo mtu aogope.

"Chakula kisitoke," alisema. "Wageni wakae hapo hapo walipo. Na wewe, kijana. Kuja ndani."

*

Sebuleni walikuwa watu watano: Afande Otim kwenye kiti chake, Rajab amesimama kama mshtakiwa wa pili, Mama Nambozo kwenye ukingo wa kochi na leso mdomoni, Conrad katikati ya zulia, na Shangazi Wilkista mlango wa vyumbani. Norah alikuwa amejificha nyuma ya mgongo wa shangazi yake. Mila haikumruhusu kuwa pale. Siku hiyo mila ilikuwa imekwishavunjwa, naye akaona kipande kimoja zaidi hakitaongeza dhambi.

Macho ya Conrad yalimkuta juu ya bega la shangazi. Moyo wake Norah uliruka, kisha ukakumbuka, ukarudi kukaa.

"Sema," alisema Afande. "Pole pole. Sema kama unaandikisha taarifa."

"Mzee, nyota nazo huzaliwa," Conrad alianza. "Ikiwa changa inazungukwa na vumbi, limetandaa kama ungo. Ndani ya vumbi hilo ndimo sayari zinaumbwa. Zile kubwa, zikiwa bado changa, zina joto la kuzaliwa, kwa hiyo zinang'aa kidogo zenyewe. Kazi yetu ni kuzitafuta. Ndani ya darubini tunaifunika nyota kwa kifuniko kidogo, maana mwanga wake unapofusha, halafu tunatazama pembeni. Mwaka tisini na sita niliona nukta. Hafifu, kando ya vumbi, mahali hasa ambapo sayari ingekaa. Chuo kikatangaza. Magazeti yakaandika."

"Hayo nimeyasoma. Na sasa?"

"Nyota hazisimami, mzee. Zinatembea, polepole mno. Na mtoto hutembea na mama yake. Ilibidi tungoje miaka miwili, tupige picha tena. Nyota imesogea, na vumbi lake limekwenda nayo. Ile nukta imebaki pale pale."

"Maana yake?"

"Maana yake si mtoto wake. Ni nyota nyingine, iko mbali sana huko nyuma, wala hawajuani. Ilitokea tu kwenye mstari wa macho yangu."

"Kwa hiyo hakuna sayari."

"Hakuna, mzee."

"Hata ndogo?"

"Hata ndogo."

Norah aliuona mkono wa baba yake unapapasa mfuko wa koti alikotoa lile gazeti, na akamwonea huruma kuliko alivyojionea mwenyewe. Kwa maana huyu baba alikuwa amekataa, akakataa, akakataa tena. Mgisu? Hapana. Mwanaume asiye na sare wala duka? Hapana. "Anatafuta vumbi?" alikuwa amefoka. "Vumbi liko hapa Bugembe, halitaki viza!" Mwaka mzima walikula chakula bila kusemeshana, baba na binti. Ni lile gazeti lililomgeuza. Alirudi nalo asubuhi moja kutoka kwa kinyozi, akamketisha Norah, akasema kwa aibu ya mtu mkubwa, "Huyu kijana wako. Mwambie alete wazee wake." Tangu siku hiyo hakuna mlinzi wa gereza, hakuna mwuza chapati, hakuna muumini wa ibada ya kwanza ambaye hakuelezwa kwamba mkwe wa Otim ana sayari.

"Una ushahidi?" aliuliza.

Conrad alitoa bahasha ndani ya koti. Ndani yake mlikuwa na karatasi mbili za nailoni, zile ngumu zinazopitisha mwanga ambazo walimu wa vyuo huziweka kwenye mashine ya kumulika ukutani. Kila moja ilikuwa na duara jeusi katikati, na kuzunguka duara, wingu jeupe lililochongoka pande mbili.

Afande alizigeuza, akazigeuza tena. "Mimi naona ukungu tu. Norah!"

"Abee, baba."

"Toka huko mgongoni, nimekuona zamani. Wewe ndiye mtu wa picha. Tazama, uniambie."

Norah alipita kando ya Conrad bila kumgusa. Harufu yake ilikuwa ileile, sabuni na karatasi. Alizichukua zile nailoni kwa kingo, kwa ncha za vidole, kama alivyozishika filamu kila siku kwenye studio kule Jinja mjini.

Ni katika studio hiyo walipojuana. Conrad alikuwa amekuja kupiga picha ya pasipoti, na mara tatu alifumba macho. "Bwana, huko unakokwenda hawatakupokea umelala," Norah alikuwa amemwambia, na mara ya nne alicheka, na picha ikatoka na meno. Baadaye aliporudi kuzichukua aliomba kuona chumba cha giza. Akasimama pale kama mtu yuko kanisani, akitazama uso unavyochipuka kwenye karatasi ndani ya dawa. "Kazi yangu itakuwa hii," alisema. "Kungoja kitu kitokee gizani." Barua zake miaka mitatu zilijaa nyota. Alipomwandikia habari ya ile nukta, Norah alimjibu kwa utani: sisi huku tukiona doa tunafuta kwanza kwa pamba, huenda ni uchafu wa lenzi. Conrad akajibu kwamba amecheka mpaka jirani akagonga ukuta, na kwamba amefuta, na bado lipo.

Sasa alikwenda dirishani. Aliiweka nailoni ya kwanza juu ya kioo, mwanga wa saa saba ukapita ndani yake. Juu yake akaweka ya pili. Akasogeza kidogo, akasogeza tena, mpaka duara jeusi likakaa juu ya duara jeusi, na wingu likakaa juu ya wingu, barabara, kama mtu na kivuli chake saa sita ya mchana.

Lakini nukta haikukaa juu ya nukta.

Zilikuwa mbili. Ndogo kama mbegu za wimbi, moja kando ya nyingine, na nafasi kati yao. Norah alizirekebisha upya. Alitaka Mungu amsamehe, lakini pale dirishani aliomba kwa moyo wote zile nukta zikutane. Hazikukutana. Kila alipozilazimisha nukta, nyota na vumbi lake vilikimbia upande.

"Basi?" aliuliza baba yake.

Macho yalimwuma. "Anasema kweli, baba. Nukta haifuatani na nyota."

Mama Nambozo alitoa mlio mdogo ndani ya leso.

"Yote ni makosa yangu, Afande," Rajab alisema haraka. "Sisi wazee ndio tulimfunga mdomo. Barua ya chuo ilimfikia Jumanne, tukakaa kikao nyumbani kwa mama. Tukasema, binti si sayari. Binti yupo Bugembe, ana miguu, anapika. Kwa nini chombo kizame kwa sababu ya kitu ambacho hata kwa miwani hakionekani? Tukamwambia anyamaze."

"Naye akakubali?" Ilikuwa sauti ya Norah.

Wote walimtazama. Binti hasemi na wageni siku hiyo. Shangazi Wilkista alifungua mdomo amkaripie, akauona uso wake, akamwacha.

"Nakuuliza wewe, Conrad. Ulikubali?"

"Nilikubali."

"Mzee Odero asingesoma gazeti, ungesimama?"

Conrad alimtazama kwa muda mrefu. Lilikuwa ndilo tazamo ambalo Norah alikuwa amelingoja kwa miaka mitatu, na sasa lilimchoma. Jibu la uongo lilikuwa pale pale, jepesi, tamu, na kila mtu sebuleni alilitaka. Hata yeye Norah alilitaka.

"La," alisema. "Nisingesimama. Ningenyamaza leo, na kesho kanisani. Ningekwambia baadaye, siku nikipata moyo. Sijui lini."

"Ungeniacha nimwambie mchungaji ndiyo, na wewe una barua mfukoni?"

"Ndiyo, Norah."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kukupoteza. Baba yako hakunipa wewe. Aliipa ile nukta. Nikajua nukta ikiondoka, na wewe unaondoka."

"Na mimi?" Sauti yake ilipasuka. "Mimi nilikupenda ulipofumba macho mara tatu! Palikuwa na sayari pale studio? Umewauliza wazee wa Nakaloke wote, mpaka mwuza nguo, samahani Bwana Rajab..."

"Hapana neno, binti yangu."

"...mimi hukuniuliza!"

"Nilikatazwa kukuona wiki hii. Mila."

"Mila! Leo umeivunja mbele ya watu mia mbili. Jumanne ulishindwa kuivunja kwa mtu mmoja?"

Machozi yalimtoka Conrad bila sauti, na hakuyapangusa, kwa kuwa mwanaume wa Kigisu aliyesimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa alikuwa hajafundishwa la kufanya na machozi.

Afande Otim aligonga mkono wa kiti mara moja.

"Inatosha. Sikilizeni. Mimi siwezi kufukuza wageni kama wezi, mila inanikataza. Lakini mila hiyohiyo inasema binti aulizwe mbele ya watu kama anawajua. Ataulizwa." Alimgeukia Norah, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea. "Mwanangu. Watanicheka mpaka kambini. Hilo nitameza. Lakini huyu mtu angekuficha. Nenda useme huwajui. Wataondoka na malewa yao, na hakuna atakayekulaumu."

*

Walimtandikia mkeka katikati ya uwanja. Jua lilikuwa kali, na ile gomesi ya hariri ilimlemea kama mfuko wa mahindi. Alipiga magoti. Upande wa kulia, watu wa baba yake. Upande wa kushoto, wageni, vikapu vyao bado havijapokelewa, na akina mama wa Kigisu wakimtazama kwa macho ya watu walioamka alfajiri kuja kufurahi. Conrad alikuwa amerudishwa kwenye kiti chake katikati ya wenzake. Kichwa kilikuwa chini.

Norah alimwomba Mungu neno. Hakupewa neno. Alipewa kumbukumbu tu, na si nzuri: sauti ile ikisema, la, nisingesimama. Aliigeuza ndani ya moyo wake kama alivyozigeuza zile nailoni dirishani. Wachumba wangapi aliwapiga picha pale studio, wamekumbatiana, wamependeza, na yeye akijua kwa jinsi mabega yalivyokaa kwamba mmoja anamdanganya mwenzake? Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona akiulizwa swali baya akalijibu kwa ubaya wake wote.

Mzee Odero alikohoa. Alikuwa amepewa maagizo, ilionekana, maana hakutania tena.

"Norah binti Otim. Tumepata wageni. Wanasema wanakujua. Wewe unawajua?"

Upepo uliinua ncha ya turubai, ukaishusha.

"Nakuuliza mara ya pili. Unawajua?"

"Mama yule namjua," alisema Norah, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Bwana Rajab namjua. Wale kina dada wa Nakaloke nawajua."

Watu walianza kunong'ona. Alikuwa hajamtaja.

"Na kijana wao?" Odero aliuliza, akimtupia Afande jicho.

"Yule nilidhani namjua, miaka mitatu. Nilikuwa simjui." Mama Nambozo aliinamisha uso magotini. Norah akainua kichwa. "Nimemjua leo, mzee. Sasa hivi, sebuleni. Namjua."

"Yaani... tupokee vitu vyao au tusipokee?"

"Pokeeni."

Vigelegele vilianza upande wa kushoto, vikakatika katikati, kwa kuwa Afande Otim alikuwa amesimama. Alitembea mpaka kwenye mkeka, akasimama mbele ya binti yake na mikono nyuma. Norah aliinama. Alingoja radi.

Baba yake hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama Conrad.

"Miaka thelathini na mmoja," alisema, polepole, kwa Kiswahili chake cha kambini, "mimi nimekaa na wafungwa. Wezi, wauaji, kila namna. Kila mmoja, nikimwuliza, aliniambia neno moja: afande, si mimi. Ameshikwa na mbuzi begani, si mimi. Ana damu kwa shati, si mimi." Alimwonyesha Conrad kwa kidole. "Huyu hakuna mtu alimshika. Hakuna mtu alimpiga hata kofi. Gazeti lilikuwa linamsifu! Na alipoulizwa lile la pili, lile baya zaidi, mbele ya huyu mtoto... mimi nilimwombea adanganye. Mimi, Otim. Hakudanganya."

Hakuna aliyethubutu kupiga makofi. Uso wa yule mzee ulikuwa kama wa mtu aliyekuta mlango wa gereza wazi asubuhi na wafungwa wote wamekaa ndani.

"Sijapenda," alisema. "Muandike hiyo, sijapenda. Leteni maji, watu wanawe."

Hapo ndipo vigelegele vilipolipuka kwelikweli. Mama Nambozo alilia wazi, Rajab alipiga takbiri kwenye kipaza sauti kisha akakumbuka mchungaji yupo, akaongeza na haleluya. Shangazi Wilkista peke yake ndiye alikasirika. Alitoka na ua lake limenyauka, akasimama mbele ya ule mstari wa kanzu.

"Sasa mimi nimtafute nani?" alilalamika. "Miezi miwili nimejipanga nimpite mara tatu kama simwoni, nimtoe jasho. Mtu kajitaja mwenyewe kama karani wa mahakama!"

Alimvika ua kwa nguvu hadi pini ikamchoma kifuani. Conrad hakushtuka. Wenzake ndio walioshtuka kwa niaba yake.

Norah alichukua jagi na beseni. Ni kazi ya binti kuwanawisha wageni, na alianza na Mama Nambozo, akaenda kwa Rajab, akaenda kwa wazee mmoja mmoja bila haraka. Alipofika kwa Conrad alipiga magoti, akamimina.

"Bado sijakusamehe," alinong'ona.

"Najua."

"Nimekujua tu. Kusamehe ni kazi nyingine, nitaianza kesho."

"Nitangoja."

"Na usinifiche tena. Hata siku moja, Conrad. Hata kwa wema."

"Sitakuficha." Aliangalia huku na huku, akaona hakuna anayesikiliza. "Basi kuna jingine. Ile barua ilikuwa na ukurasa wa pili. Nafasi yangu kule wamempa mtu mwingine. Sirudi ng'ambo. Hatwendi. Nimepata kufundisha hesabu Mbale, na chumba kimoja nyuma ya shule."

Maji yalisimama ndani ya jagi.

Sanduku la Norah la safari ya ng'ambo lilikuwa limefungwa tangu Jumatatu. Majirani walikuwa wamekwisha kumuaga. Studio walikuwa wameshampata msichana mwingine. Norah alimtazama mtu huyu ambaye dakika tano tu zilizopita alikuwa amemkiri mbele ya Mungu na Bugembe nzima. Uso wake Conrad ulikuwa wazi, hauna pa kujificha, unangoja.

Kutoka meza kuu, baba yake aliuliza kwa nini mstari haujongei.

Norah aliliinua jagi tena.

"Nawa," alimwambia. "Watu wana njaa."